Antivirusi feki kwenye kompyuta yako: Defender, Malwarebytes au kupiga Windows upya?

Kompyuta inakupigia kelele kwamba ina virusi 37, kwamba kuna programu za kijasusi zinachungulia nywila zako, na kwamba ukilipa dola 40 hivi mambo yote yatakwisha. Umeshang'amua kwamba huyo anayepiga kelele ndiye mwizi mwenyewe. Kinachobaki ni kuamua umtoe kwa kutumia nini.

Jibu langu nalitanguliza, asiye na muda aondoke nalo. Usipakue kitu chochote kabla hujajua feki hiyo imekaa wapi. Ukishajua, anza na Microsoft Defender iliyomo tayari ndani ya Windows, hasa ile skani yake inayofanyika Windows ikiwa imezimwa. Malwarebytes ni ya pili. AdwCleaner ni kwa matatizo ya kivinjari. Kupiga Windows upya kuna hali zake mbili, nitazieleza. Anayekimbilia Google kutafuta dawa akiwa kwenye mashine ileile yenye tatizo, kisha akabofya tangazo la juu kabisa, anaweza kutoka huko na feki ya pili. Wenye biashara hii wanajua vizuri mtu aliyeshikwa na hofu huandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia.

## Kwanza, imekaa wapi?

Wengi wanaonitumia picha za skrini zao siku hizi hawana programu feki hata moja ndani ya kompyuta. Wana kitu chepesi zaidi, na dawa yake ni ya bure na ya dakika mbili. Ndiyo maana naanzia hapa badala ya kuanza na majina ya zana.

Aina ya kwanza ni ukurasa wa tovuti tu. Skrini nzima inageuka bluu au nyekundu, nembo ya Microsoft imekaa juu, sauti inasoma kwa Kiingereza kwamba kompyuta imefungwa, na kuna nambari ya simu ya kupiga. Hapo hakuna kilichosakinishwa. Bonyeza Esc na uishikilie kwa sekunde chache hadi kivinjari kitoke kwenye hali ya skrini nzima, kisha funga kichupo. Ikigoma, Ctrl+Shift+Esc inaleta Task Manager. Chagua kivinjari, bofya End task. Ukikifungua tena kikakuuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa. Microsoft wanasema waziwazi kwamba ujumbe wao wa hitilafu au onyo hauwekwi nambari ya simu, kwa hiyo ukiona nambari huna haja ya uchunguzi mwingine. Hakuna cha kuskani, isipokuwa kama uliipiga ile simu.

Aina ya pili ndiyo inayowapotezea watu fedha na muda kuliko zote: arifa za kivinjari. Uliingia tovuti ya kutazama mpira au ya kupakua filamu, kikatokea kisanduku kinachosema ubofye Allow kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ukabofya. Kuanzia hapo tovuti ile ina ruhusa ya kurusha vijisanduku kwenye kona ya chini kulia ya skrini yako hata kama kichupo chake ulikifunga wiki mbili zilizopita. Inarusha vyenye nembo ya McAfee au Norton: usajili wako umekwisha, virusi vitano vimegunduliwa, bofya hapa kusafisha. Mtu anahangaika kuondoa McAfee ambayo hata hakuwa nayo, anaskani mara tatu bila kuona kitu, kisha anapeleka mashine kwa fundi ikapigwe Windows. Akirudi nyumbani na kuingia tena kwenye Chrome kwa akaunti yake, akazuru tovuti ileile na kubofya Allow ileile, mambo yanaanza upya.

Kiangalie kijisanduku hicho kwa karibu. Kwenye mstari mmoja, kwa maandishi madogo ambayo jicho linayaruka, kimeandikwa Google Chrome au Microsoft Edge. Karibu na hapo kuna anwani ya tovuti, mara nyingi jina lisilo na maana yoyote. Antivirusi halisi iliyosakinishwa hutoa arifa kwa jina lake yenyewe. Ukiona jina la kivinjari na anwani ya tovuti, jua hiyo ni ruhusa uliyoitoa mwenyewe, na ruhusa hunyang'anywa. Kwenye Chrome bofya vitone vitatu, nenda Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa kila usiyoitambua. Edge ina njia inayofanana. Hapo hakuna zana utakayopakua wala fundi utakayemlipa.

Ya tatu ni kiendelezi cha kivinjari (extension), yaani kiprogramu kinachoongezwa ndani ya kivinjari, kinachojiita mlinzi wa usalama, huku kinabadilisha ukurasa wako wa kutafutia na kukurushia matangazo. Ya nne ndiyo yenyewe: programu iliyosakinishwa, yenye dirisha lake, inayowaka pamoja na kompyuta hata ukiwa hujafungua kivinjari. Kuanzia hapa nazungumzia zaidi hii ya nne.

## Halisi na feki, bega kwa bega

Programu hizi zilitamba zaidi kuanzia katikati ya miaka ya 2000. SpySheriff ilifikia kubadilisha picha ya nyuma ya skrini ikaandika kwamba mfumo umeambukizwa. WinFixer, DriveCleaner, ErrorSafe na XP Antivirus zilihusishwa na mtandao mmoja wa watu, ukiongozwa na kampuni ya Innovative Marketing iliyosajiliwa Belize na yenye ofisi Kyiv, Ukraine. Desemba 2008 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, iliwafikisha mahakamani ikidai kwamba zaidi ya watu milioni moja wamehadaiwa kununua bidhaa hizo, kwa dola 39.95 au zaidi. Mwaka 2012 mmoja wa washtakiwa aliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 163. Walivyoingia majumbani ndicho kinachonifanya niitaje kesi hii: walijifanya wananunua nafasi za matangazo kwa niaba ya makampuni na mashirika yanayoheshimika, na tangazo likishapokelewa kwenye tovuti safi, msomaji anatupwa kwenye skani ya uongo. Kwa hiyo ule utetezi wa "mbona nilikuwa kwenye tovuti ya maana" hauthibitishi kitu.

Tofauti ya kwanza ni muda. Skani kamili ya Defender kwenye diski iliyojaa inaweza kuchukua saa kadhaa, na mara nyingi inamaliza bila kupata kitu. Feki inamaliza ndani ya nusu dakika na haijawahi kukosa. Ya pili ni ushahidi. Antivirusi halisi inakutajia jina la tishio na njia kamili ya faili, nawe unaweza kufungua folda hiyo ukaliona. Feki inataja faili ambazo hazipo, au inataja faili za Windows zenyewe. Zile skani za kwenye kurasa za tovuti ni vichekesho zaidi: zinachora dirisha la Windows lenye diski C hata kwa anayetumia Mac, kwa sababu zile ni picha tu. Na wenye Mac wasicheke sana. Mei 2011 ilitoka MacDefender, feki iliyotengenezwa kwa ajili yao, na Apple wakalazimika kutoa sasisho la usalama tarehe 31 mwezi huohuo kuisaka na kuiondoa.

Tofauti ya tatu ni pale pesa inapodaiwa. Malwarebytes ya bure inaskani na inaondoa inachokikuta. Unacholipia ni ulinzi wa kudumu. Feki inaskani bure, kisha inashikilia matokeo hadi ulipe. Microsoft waliligeuza jambo hili kuwa kanuni: tangu 1 Machi 2018 Defender inaruhusiwa kuondoa programu inayomtisha mtumiaji ili anunue toleo la kulipia, yaani inayokuza makosa kupita kiasi, inayodai hakuna njia nyingine ya kuyarekebisha isipokuwa kulipa, au inayompa mtu muda mfupi wa kuamua. Ukitaka kipimo kimoja cha kubeba kichwani, kibebe hicho.

Ya nne: feki ya kweli inajitetea. Task Manager inafungwa ukiambiwa imezimwa na msimamizi. Kila programu unayoifungua inatangazwa kuwa imeambukizwa. Tovuti za antivirusi zinazojulikana hazifunguki. Halisi haina sababu ya kukufungia Task Manager.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hawakijui. Fungua Windows Security, nenda Settings, kisha Manage providers. Antivirusi zinazotambuliwa na Windows zinaorodheshwa hapo. Programu inayojinadi kuwa inalinda mashine yako saa 24 lakini haimo kwenye orodha hiyo ina maswali ya kujibu. Si kipimo cha mwisho, maana zana za kuskani mara moja kama AdwCleaner nazo hazitakuwemo, lakini kinasaidia. Faili la kusakinisha likiwa bado lipo kwenye Downloads, lipandishe VirusTotal, huduma iliyo mikononi mwa Google tangu 2012, nayo italipima kwa injini nyingi za antivirusi kwa mpigo. Injini moja au mbili zikilalamika, huenda ni makosa. Zikilalamika 20, hakuna mjadala.

Halafu kuna eneo la kijivu, na hapa ndipo vipimo vya "kampuni ina anwani, ina risiti, ina duka" vinapoanguka. Machi 2019 Office Depot, mnyororo mkubwa wa maduka ya Marekani, pamoja na Support.com walikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza madai ya FTC. Dukani kulikuwa na programu iitwayo PC Health Check. Kabla ya skani, mteja aliulizwa maswali manne, kwa mfano kama kompyuta yake ni nzito au inatokewa na matangazo. Kwa mujibu wa FTC, ukijibu ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo manne, programu inatangaza kwamba imeona dalili za virusi, bila kujali skani imekuta nini. Machi 2024 ikawa zamu ya Restoro na Reimage, kampuni za Cyprus, dola milioni 26, kwa madai ya kuwatisha watu kwa matatizo ya kompyuta yasiyokuwepo ili wauziwe matengenezo. Ndiyo maana mimi programu zote zinazojiita za kusafisha rejista (ghala la mipangilio ya Windows), kuongeza kasi au kurekebisha makosa 1,200 ya Windows naziweka kapu moja na feki. Pengine naionea moja au mbili zilizo nzuri. Sijaona kompyuta iliyopata hasara kwa kuzikosa.

## Zana zenyewe

| Zana | Bando | Inasakinishwa? | Nguvu yake | Udhaifu wake |
|---|---|---|---|---|
| Defender, skani ya Offline | Sasisho tu | Imo tayari | Feki haijaamka skani inapoendelea | Haigusi ruhusa za arifa |
| Malwarebytes ya bure | Kubwa kiasi | Ndiyo | Takataka ambazo Defender inazivumilia | Inakusukuma ununue |
| AdwCleaner | MB chache | Hapana | Viendelezi, matangazo, ukurasa wa kutafutia uliotekwa | Si antivirusi kamili |
| Microsoft Safety Scanner | Zaidi ya MB 100 | Hapana | Maoni ya pili bila kusakinisha | Inakwisha muda baada ya siku 10 |
| Diski ya uokoaji kwenye flashi | Kubwa | Inawashwa kutoka kwenye flashi | Mashine isiyowaka au iliyofungwa kabisa | Inahitaji kompyuta nyingine nzima |

Defender naipa nafasi ya kwanza kwa sababu mbili. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hii ndiyo iliyo mkononi: huitafuti, huipakui, huwezi kupakua toleo lake la uongo kwa bahati mbaya. Sababu ya pili ni ile skani ya Offline. Windows ikiwa imewaka, feki nayo imewaka, na inaweza kuzuia kufutwa kwa faili zake. Skani ya Offline inazima Windows, inaskani kutoka kwenye mazingira madogo ya pembeni, kisha inawasha mashine tena. Andika Windows Security kwenye Start, fungua Virus & threat protection, kisha Scan options, chagua ile yenye neno Offline, bofya Scan now. Hifadhi kazi zako kwanza. Kwa kawaida inachukua kama dakika 15. Ikimaliza haikutangazii kitu kwa mbwembwe. Matokeo yanakaa Protection history.

Kabla ya kubofya, fanya mambo mawili. Sasisha Defender, maana skani itatumia orodha ya virusi iliyopo kwenye mashine. Halafu, humohumo kwenye Virus & threat protection, fungua Manage settings, shuka hadi Exclusions. Hii ndiyo sehemu ninayoikuta imeachwa kila mahali. Programu mbaya ikipata ruhusa ya msimamizi, hujiandika kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender haitavikagua. Ukikuta folda usiyoifahamu humo, au mbaya zaidi diski C nzima, iondoe ndipo uskani. Bila hivyo Defender itapita mlangoni kwa mwizi na kukuambia kila kitu ni salama. Baada ya Offline endesha skani kamili pia, kwa sababu feki mara nyingine haikuja peke yake. Aprili 2009 kirusi maarufu Conficker kilianza kuzipelekea baadhi ya mashine kilizokwishaziteka antivirusi feki iitwayo Spyware Protect 2009. Aliyeondoa feki hiyo akashukuru Mungu, alimwacha mwenyeji ndani.

Udhaifu wa Defender ni programu za lile eneo la kijivu. Inazishughulikia vizuri zaidi ukiwasha kinga yake dhidi ya programu zisizotakikana, iliyoko App & browser control, Reputation-based protection settings. Kama imezimwa, iwashe leo hata kama huna tatizo.

Malwarebytes naitumia pale Defender imemaliza na bado kuna kitu. Ina jicho kali kwa programu zinazoingia zikiwa zimefungashwa na nyingine: ulipakua kigeuza PDF, ukapewa na "mlinzi wa usalama" juu yake. Ipakue kutoka tovuti yao tu, ukiandika anwani mwenyewe, na ikiwezekana kwenye mashine nyingine kisha uilete kwa flashi. Ukiisakinisha inaweza kukupa majaribio ya siku 14 ya toleo la kulipia, na katika kipindi hicho ikijisajili kama antivirusi kuu Defender inakaa pembeni. Si tatizo, ila mtu asiyejua akiona Defender imezimwa anadhani ameambukizwa tena. Muda ukiisha inarudi kuwa ya bure na unaendelea kuskani kwa mkono. Hulazimiki kununua chochote.

AdwCleaner ni ya watu walewale. Malwarebytes waliinunua mwaka 2016. Ni faili dogo, linaendeshwa bila kusakinishwa, linamaliza kazi haraka. Kwa mwenye bando la kubana na tatizo la aina ya tatu, hii ndiyo chaguo langu, hata kabla ya Malwarebytes kubwa.

Safety Scanner sina mengi ya kuisema. Injini yake ni ndugu ya Defender, kwa hiyo faida yake ni pale Defender yenyewe imevunjwa na haiwaki. Usishtuke ikionyesha idadi ya faili zilizoambukizwa katikati ya skani kisha mwishoni ikasema haikupata kitu. Hesabu ya katikati ni ya vitu inavyotilia shaka, hukumu ni ile ya mwisho.

Diski ya uokoaji, kama Kaspersky Rescue Disk, inaandikwa kwenye flashi na kuwashwa badala ya Windows. Kwa ufundi ni nzuri. Ila ujue kwamba Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa bidhaa za Kaspersky nchini humo kwa hoja za usalama wa taifa, na sasisho zake huko zikasimama mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Aliyeko Marekani achague njia nyingine. Wa kwingine apime mwenyewe.

Kwa wenye mashine za zamani: Windows 10 ilimaliza muda wake wa huduma 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft wamesema orodha ya virusi ya Defender itaendelea kusasishwa hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo kwa kazi hii ya kuondoa feki Defender ya Windows 10 bado inafaa, japo matundu ya Windows yenyewe hayazibwi kwa asiyejiunga na mpango wao wa nyongeza. Windows 7 ni habari nyingine. Defender yake ilikuwa ya programu za kijasusi tu, si antivirusi, na hiyo skani ya Offline haimo kwenye menyu. Huko flashi ya uokoaji ndiyo ya kwanza.

## Ikigoma

Ikiwa feki inafunga kila unachofungua, iwashe kompyuta katika Safe Mode, hali ambayo Windows huwasha vitu vya lazima tu: shikilia Shift huku unabofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu 4, au 5 ukitaka na intaneti. Feki nyingi haziamki huko, na zana zako zitafanya kazi.

Kuna pia RKill ya tovuti ya BleepingComputer, ambayo haiondoi kitu bali inaua michakato ya programu mbaya ili zana nyingine ipate nafasi. Inapatikana pia kwa jina iExplore.exe, kwa sababu baadhi ya feki huzuia kila programu lakini huiachia Internet Explorer ili mtu aweze kwenda kulipa. Ukishaiendesha usiwashe upya kompyuta. Skani palepale, maana ukiwasha upya umeifufua feki.

## Kusafisha au kupiga upya?

Mafundi wengi wa mitaani hukimbilia kupiga Windows upya, na siwalaumu: kazi inajulikana itachukua muda gani na mteja haondoki na mabaki. Lakini kwa arifa za kivinjari ni kuchoma nyumba kwa ajili ya panya, na kwa feki ya kawaida iliyokamatwa na skani ya Offline pia si lazima.

Mimi ningepiga upya katika hali mbili. Moja, ulimpigia yule wa kwenye skrini na ukamruhusu aingie kwenye kompyuta kwa mbali. Hujui aliacha nini. Mbili, baada ya kusafisha Defender haikubali kuwaka, au Windows yenyewe ilikuwa ya kuvunjwa, yaani isiyo na leseni halali, tangu mwanzo.

Kwa Windows 10 na 11 huhitaji CD wala fundi. Mipangilio ina Reset this PC chini ya Recovery. Keep my files inabakiza nyaraka na picha, inafuta programu zote, feki ikiwemo. Remove everything inafuta vyote, na kwa ile hali ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza, baada ya kunakili nyaraka zako pembeni. Nakili picha na maandishi, usinakili mafaili ya kusakinisha. Utaulizwa Cloud download au Local reinstall. Ya kwanza inaweza kula zaidi ya GB 4, ya pili haitumii bando kabisa. Kama unadhani faili za Windows zenyewe zimeharibiwa, ile ya kupakua inafaa zaidi.

Ukimpelekea fundi, muulize jambo moja kabla hujamwachia mashine: ataiamilisha vipi hiyo Windows. Laptopu iliyokuja na Windows halali ina leseni yake tayari, haihitaji kitu. Akijibu kwamba ana kiprogramu cha kuamilisha na itabidi Defender izimwe kidogo ili kifanye kazi, ujue utarudishiwa mashine yenye mlango ambao feki inayofuata itapitia bila kubisha. Hapo ni afadhali ubaki na Windows yako iliyosafishwa.

## Vilivyobaki nyuma

Mara nyingi feki imeondoka na intaneti nayo imekwenda. Wi-Fi imeshika, kurasa hazifunguki. Angalia Settings, Network & internet, Proxy. Feki nyingi zilipitisha kivinjari kwenye proksi yao, yaani kituo cha kati cha kupitishia mawasiliano ya intaneti, iliyo ndani ya mashine yenyewe kwa anwani 127.0.0.1, na programu ikifutwa proksi inabaki ikielekeza pasipo na mtu. Izime, kurasa zitarudi. Kwa kompyuta ya ofisi muulize kwanza mhusika wa IT, huko proksi inaweza kuwa halali.

Kama kuna mtu uliyemruhusu kuingia kwa mbali, tazama orodha ya programu kama kuna AnyDesk, TeamViewer au mfano wake ambayo hukuiweka. Ni zana halali, na ndiyo sababu Defender haizikamati. Ziondoe, kisha badilisha nywila ukiwa kwenye simu au mashine nyingine, ukianzia na ya barua pepe.

Na kama ulilipa, piga simu benki kwa nambari iliyo nyuma ya kadi, si nambari iliyokuja na risiti ya programu. Waombe wapinge muamala, na waombe pia wafunge kadi hiyo na kukupa nyingine. Wauzaji hawa hupenda kuuza "usajili", na kadi ikibaki hai makato yanaweza kuja tena chini ya jina la biashara ambalo hutalitambua kwenye taarifa ya akaunti.